Ramani ya nyumba ya kifahari kwa nchi ya baridi: hatua kwa hatua kwa wanaojenga Mbeya, Iringa na Njombe

Kila kipupwe kikikaribia, maswali ni yale yale. "Nimepata ramani nzuri kwenye simu, nijenge hii hii?" "Vioo vikubwa si vitaniletea baridi?" "Ghorofa au ya chini?" Na lile la waliokwisha kuhamia: "Mbona nimetumia hela yote hii na sebuleni tunakaa na makoti?"

Jibu la hilo la mwisho ndilo linalobeba mwongozo huu. Ramani nyingi zinazozunguka kwenye simu zimechorwa kwa watu wa joto: zinakimbia jua na kutafuta upepo. Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa zaidi ya 1,500, Njombe karibu 2,000. Huku jua tunalitafuta na upepo tunaukimbia. Ukichukua nyumba ya Mbezi Beach ukaipandisha Isyesye au Wilolesi bila kuigeuza, umenunua jokofu lenye vyumba vitano. Nguzo, taa za dari na marumaru vinaweza kusubiri. Kwetu anasa ya kwanza ni sebule ambayo bibi anakaa jioni ya Julai bila blanketi.

Mwongozo huu haukufanyi uwe mbunifu majengo. Unakufanya ufike kwake ukijua unachotaka, na uweze kumkatalia anapokupa nakala ya nyumba ya mtu mwingine.

Viwe mkononi kabla hujaanza

- Hati au nyaraka za kiwanja, pamoja na ramani ya upimaji inayoonyesha bikoni. Kama bikoni hazionekani, mwite mpima ardhi kwanza. Usichore chochote juu ya mpaka wa kukisia.
- Tepu ya mita 30, kamba, vigingi vya mbao, na mpira wa maji unaoonyesha ndani (ule wa kupimia usawa), usiopungua mita 15.
- Dira. Ya simu inatosha, ila isogeze mbali na gari na mabati.
- Daftari la viboksi. Boksi moja liwe nusu mita.
- Kiasi cha fedha ulichonacho kweli, na kile unachotarajia, viandikwe kwenye mistari miwili tofauti.

Hatua ya 1: Jua kaskazini iko wapi, na upepo unatoka wapi

Simama katikati ya kiwanja uiweke kaskazini kwenye daftari. Huamini simu? Kati ya Mei na Agosti simika mti wima na uangalie kivuli chake mnamo saa saba kasorobo mchana. Hiyo ndiyo adhuhuri halisi ya jua huku kwetu, maana tuko magharibi ya mstari ambao saa yetu imepangiwa. Kivuli kitalala kuelekea kusini. Kinyume chake ni kaskazini.

Kwa nini kaskazini? Tuko kusini ya ikweta. Miezi ya baridi kali, Juni na Julai, jua linapita upande wa kaskazini, na adhuhuri Mbeya linakuwa nyuzi 58 hivi kutoka usawa wa ardhi. Dirisha la kaskazini linapokea jua hilo hadi ndani. La kusini halipati kitu msimu wote wa baridi. Nadharia inaishia hapo.

Upepo wa kipupwe kwa kawaida unatoka kusini mashariki, lakini milima inaupinda. Loleza ina tabia yake, na miinuko ya Iringa ina yake. Muulize jirani aliyekaa hapo miaka mingi mlango wake upi unampa shida. Atakujibu haraka kuliko kipimo chochote.

Hatua ya 2: Pima mteremko

Viwanja vyetu vingi ni vya mlimani. Ujaze mpira maji, mtu mmoja ashike ncha ya juu ya kiwanja, wewe ya chini, msome tofauti. Kama kiwanja ni kirefu kuliko mpira, pima kwa vipande kisha jumlisha.

Tuseme mita 30 za kiwanja zimeshuka mita 2.4. Nyumba yenye kina cha mita 15 itakutana na tofauti ya mita 1.2. Hapo wengi wanakodi kijiko, wanakata mlima uwe tambarare, kisha wanatumia hela ya sebule kujenga ukuta wa kuzuia udongo. Njia yangu: igawe sakafu mara mbili. Vyumba vya kulala juu, sebule na jiko chini, katikati ngazi 4 za sentimita 15. Kila nusu sasa ina sentimita 60 za kushughulikia: unachimba 30, unajaza 30. Na nyumba yenye sakafu mbili zinazopishana inapendeza kuliko ya bapa, hilo nitalisema hata mbele ya wanaopenda bapa.

*Angalia:* ukuta wa kuzuia udongo ukikosa matundu ya kutolea maji, mvua za Januari zitausukuma. Weka tundu kila mita moja na nusu hadi mbili, na kokoto nyuma yake.

Hatua ya 3: Andika maisha ya nyumba kabla ya vyumba

Hapa ndipo ramani za kuazima zinapofeli kimyakimya. Usianze na "vyumba vinne, vyote self". Anza na watu na shughuli zao:

Mama mkwe akija kwa wiki tatu atalala wapi, na je, atapishana na mkwewe akitoka kuoga? Chumba cha wazee kiwe sakafu ya chini na kiwe na choo chake. Ugali wa watu 40 utapikwa wapi? Jiko la ndani lenye kabati za kung'aa halitapikiwa makande ya sherehe. Panga jiko la nje lenye paa na bomba la moshi, karibu na stoo. Msiba ukitokea (tuseme ukweli, hutokea), turubai litasimama wapi, watu watapata wapi maji na choo bila kupita sebuleni? Acha uwanja wazi usiopungua mita 8 kwa 10 upande wa barabara, na choo cha nje kimoja. Nyumba ya kifahari isiyoweza kupokea msiba itakuaibisha siku usiyoitaka.

Buti zenye udongo mwekundu nazo ni za kufikiria. Kati ya Novemba na Aprili kila anayeingia analeta kiwanja mguuni. Kibaraza kidogo chenye bomba, benchi na rafu ya viatu, kabla ya mlango wa jikoni, kinaokoa vigae vya nyumba nzima.

Hatua ya 4: Hesabu mita za mraba

Mfano wa nyumba kubwa ya kawaida: sebule 6 × 5, dainingi 4 × 4, jiko 4 × 4, stoo 2 × 2.5, masta 4 × 5 pamoja na bafu na sehemu ya nguo 3 × 4, vyumba vitatu vya 4 × 3.6, mabafu mawili ya 2 × 2.5, choo cha wageni, chumba cha familia 4 × 4, ofisi 3 × 3. Jumla ni kama mita za mraba 180.

Haijaisha. Ongeza robo kwa ajili ya kuta na korido: 225. Gereji ya magari mawili, 36. Baraza, 15. Umefika karibu 276, na hujaongeza hata ngazi. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba "nyumba ya vyumba vinne tu" imeshazidi mfuko wake. Punguza sasa kwenye daftari. Kupunguza msingi ukishamwagwa ni kilio.

Hatua ya 5: Panga vyumba kufuata jua

Chukua daftari, weka kaskazini juu, na ugawe hivi:

- Kaskazini: sebule, dainingi, chumba cha familia. Hapa ndipo mahali pa vioo vikubwa, hata milango ya kioo hadi sakafuni.
- Mashariki: vyumba vya kulala na jiko. Jua la asubuhi linaamsha na kukausha unyevu wa usiku.
- Magharibi: chumba kinachotumika jioni. Dar es Salaam wangekucheka, lakini ukuta mzito uliopigwa na jua la alasiri unaachia joto lake polepole baada ya magharibi. Oktoba utakuwa na joto kidogo, pazia zito linatosha.
- Kusini: gereji, stoo, ngazi, vyoo, korido. Vyumba hivi viwe ngao yako dhidi ya baridi na upepo. Madirisha yawe madogo.

Kisha linakuja swali gumu: barabara yako iko kusini. Kila mtu anataka vioo vitazame barabarani ili wapita njia waone. Mimi nasema sura ya mbele ipambwe kwa mawe, mlango mzuri, taa na mstari wa paa, halafu maisha yageukie kaskazini, nyuma, kwenye bustani. Wapita njia hawalipi gharama ya kupasha nyumba yako joto.

Upenu nao una hesabu. Upenu wa sentimita 60 upande wa kaskazini unatupa kivuli cha sentimita 95 hivi ukutani adhuhuri ya Juni. Wa sentimita 90 unatupa karibu mita 1.4. Kwa hiyo ukiweka upenu mpana na dirisha fupi la juu, umelizuia jua lile lile ulilolitafuta. Shusha dirisha. Dirisha linalofika chini linapata jua hata chini ya upenu mpana, na upenu unaendelea kuukinga ukuta na mvua.

*Angalia:* kioo kinachofika sakafuni kiwe cha usalama, kile kisichovunjika vipande virefu vyenye ncha. Watoto hukimbia.

Hatua ya 6: Kimo cha dari na ngazi

Sebule iliyo wazi hadi ghorofa ya juu inapigwa picha nzuri sana. Huku kwetu hewa ya moto inapanda kukaa kwenye taa, na wewe unakaa chini na baridi. Ukitaka ukubwa, weka dari mita 3 hadi 3.3 sebuleni na mita 2.7 vyumbani. Mtu akitoka korido yenye dari fupi akaingia sebule iliyoinuka ataona ukubwa bila wewe kulipia hewa ya ghorofa nzima. Kwa Njombe na Makete sishauri kabisa sebule ya wazi.

Ngazi husahaulika, kisha zinakula chumba. Kutoka sakafu hadi sakafu mita 3.15 unahitaji vipandio 18 vya sentimita 17.5. Zikikunjwa mara mbili, zenye upana wa mita 1.1 na kikanyagio cha sentimita 28, zinataka eneo la takriban mita 2.4 kwa 3.4, bila kuhesabu pa kusimama juu na chini. Chora eneo hilo kwenye sakafu zote mbili, palepale.

Ghorofa au ya chini? Kiwanja kidogo au chenye mandhari, ghorofa. Kiwanja kikubwa na wazazi wazee, ya chini. Gharama isikudanganye: ghorofa ina paa na msingi mdogo kwa eneo, lakini nondo, slabu na mhandisi vinarudisha tofauti hiyo.

Hatua ya 7: Paa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo malalamiko mengi yanapotoka. Mtindo wa kisasa ni paa lililofichwa nyuma ya ukuta, nyumba inaonekana boksi. Ni zuri. Lakini maji yote yanakusanyika kwenye mfereji ulio ndani ya nyumba yako. Paa la mita za mraba 250, mvua ya milimita 50, ni lita 12,500. Tukuyu na Rungwe kwa ujumla ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Huko mimi sichori paa la kuficha labda mwenye nyumba asisitize mara tatu.

Ukisisitiza, haya hayana mjadala: mfereji upana usiopungua sentimita 30 ili mtu aweze kuingia kuusafisha, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, mabomba ya inchi 4, angalau mawili kwa kila mfereji, moja likiziba jingine lifanye kazi, na tundu la dharura kwenye ukuta, chini ya kimo cha kufurika, ili maji yakizidi yamwagike nje na si kwenye jipsamu. Bati liagizwe kwa urefu kamili, lisiwe na maungio katikati.

Kwa walio wengi nashauri paa la wazi la mteremko mmoja au miwili, nyuzi 15 hadi 25, na kipande kidogo tu cha boksi mbele kwa ajili ya sura. Linapendeza, na mafundi wa hapa wanalijua.

Kenchi ziwe za mbao zilizopigwa dawa na kukauka. Tuna bahati: msitu wa Sao Hill uko Mufindi na mbao za msonobari za Mafinga na Njombe ziko mlangoni. Ila mbao mbichi, hasa za mlingoti (mkaratusi), zikipigwa misumari leo, zikikauka zinajipinda na dari inapasuka. Juu ya dari tandaza sufi ya kioo au ya mawe (nyuzi za kuzuia joto lisitoroke), unene wa sentimita 10. Ni kitu ambacho hakuna mgeni atakayekiona, na ndicho nitakachokitetea hata kabla ya kabati za jiko. Na kwa sebule, dari ya mbao za msonobari zilizopakwa vanishi, kwa jicho langu, inashinda jipsamu yenye taa za rangi tano.

Hatua ya 8: Msingi na kuta

Chimba mashimo ya majaribio mawili au matatu, mita 1.5 au zaidi, mhandisi ayaone. Upande wa Mbeya na Rungwe utakutana na udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, unaolegea ukinywa maji. Iringa unaweza kugonga mwamba kabla jasho halijatoka. Misingi hii miwili haifanani.

Tuko kwenye bonde la ufa. Tetemeko la 1910 lililopiga upande wa Rukwa lilikuwa kubwa. Lenta izunguke nyumba yote bila kukatika, na nguzo za zege zenye nondo ziwe kwenye kona na kwenye nafasi kubwa za vioo. Ukuta mzima wa kioo bila fremu ya zege ni hatari, fundi asikwambie "tumezoea".

Tofali za kuchoma, ukuta mnene, zinatunza joto vizuri. Nunua zilizoiva: zigonge, zilie. Chini ya jamvi (zege la sakafu) weka nailoni ya kuzuia unyevu. Nje, sentimita 60 za chini ya ukuta zivishwe mawe au rangi ya udongo, na uzungushe njia ya zege ya mita 1. Ukipaka nyeupe hadi chini, mvua ya kwanza itakuchorea mstari mwekundu nyumba nzima.

Hatua ya 9: Meko, maji ya moto, umeme

Meko ya sebuleni iwe kwenye ukuta wa ndani ili joto la bomba libaki ndani. Tundu la bomba liwe angalau sehemu 1 ya 10 ya mdomo: mdomo wa sentimita 80 × 70 unataka bomba la sentimita 24 × 24. Bomba lipande sentimita 90 juu ya pale linapotokeza kwenye paa, na sentimita 60 juu ya chochote kilicho ndani ya mita 3. Mbao za kenchi zisiliguse. Na jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, kamwe. Gesi yake haina harufu na inaua.

Heta ya jua na paneli za umeme zitazame kaskazini. Panga mabafu na jiko karibu karibu, la sivyo utamwaga ndoo ya maji ya baridi kila asubuhi ukisubiri ya moto. Makete na kandokando ya Kitulo, ambako umande huganda, chukua heta inayostahimili kuganda. Radi za masika hazikosi: waya wa ardhini na kinga ya radi viwe kwenye mchoro, visiongezwe baadaye.

Hatua ya 10: Mkabidhi mtaalamu, kisha kibali

Peleka daftari lako kwa mbunifu majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mwombe namba ya usajili, ni haki yako. Nyumba ya ghorofa inahitaji na michoro ya mhandisi. Dai michoro ya kiwanja, sakafu, sura zote nne, mikato (nyumba ikionekana kama imekatwa wima), msingi, paa, maji na umeme. Halmashauri itaipitisha kwa wataalamu wake kabla ya kibali. Usimwage zege kabla ya karatasi hiyo.

Ukikwama

*Ramani nimeshainunua na sebule inatazama kusini.* Mwambie mbunifu aigeuze kama kwenye kioo, juu iwe chini. Mara nyingi inawezekana kwa kuhamisha mlango mkuu na gereji tu.

*Nimeshajenga na ni baridi.* Anza juu: sufi kwenye dari. Kisha ziba nyufa za milango na madirisha, mapazia mazito hadi sakafuni, zulia. Kufungua dirisha jipya kaskazini kunafuata, na mhandisi akubali kwanza.

*Vioo vinatoa jasho asubuhi.* Unyevu wa pumzi na wa kupikia umekosa pa kutokea. Acha tundu dogo la hewa juu ya dirisha, weka feni ya kutolea hewa jikoni na bafuni. Ukiwa na uwezo, vioo viwili vyenye hewa katikati.

*Meko inarudisha moshi.* Fungua dirisha kidogo. Moshi ukiacha, nyumba imebana sana: weka tundu la hewa karibu na meko. Usipoacha, bomba ni fupi au jembamba. Wakati mwingine kupunguza mdomo kwa tofali mstari mmoja kunatosha.

*Paa la kuficha linavuja.* Kabla ya kununua lami, panda ukaangalie majani kwenye mfereji. Kisha mwaga ndoo za maji sehemu moja moja, kuanzia chini kwenda juu, mtu akiwa darini na tochi. Ukipaka kila mahali bila kujua tundu liko wapi, utapaka tena mwakani.

*Hesabu imezidi.* Ondoa mita za mraba, usiondoe nondo wala sufi. Ofisi iunganishwe na chumba cha wageni, gereji iwe paa lenye nguzo tu kwa sasa, na msingi wake umwagwe pamoja na wa nyumba ili kuta zije baadaye.

*Fundi anasema mchoro hauwezekani.* Aonyeshe ni wapi, kwa kidole, kisha mpigie mbunifu mkiwa wote watatu saiti. Usikubali "nitarekebisha mwenyewe" kwenye nguzo, lenta wala slabu.